Ujirani wa Hati

Wapo watu wanaoukimbia mji kwa sababu ya jirani. Huchoshwa na ukuta unaopitisha sauti ya mwingine, na gari la mwingine linaloziba njia yao, na jicho la mwingine linalohesabu wageni wao. Wakajiapiza kwamba siku watakapopata nafasi watakwenda kuishi mahali pasipo na kitu ila miti, mawe na ndege. Katika jimbo la California, nchini Marekani, watu wa namna hii aghalabu huelekea mashariki, kwenye vilima vilivyo miguuni mwa milima ya Sierra Nevada. Huuza nyumba ndogo ya mjini, hununua kubwa ya kilimani, na siku ya kutia saini hupewa, pamoja na funguo, bunda la karatasi lenye unene wa kitabu cha sala. Wengi hawalisomi. Laiti wangalilisoma, wangalijua kuwa wametoka kwa jirani mmoja wa ukutani wakaingia katika himaya ya majirani mia tano wenye mhuri.

Nchi yenyewe yastahili kutamaniwa. Vilima hupanda polepole kutoka bonde kuu la California, katika wilaya za Nevada, Placer, El Dorado, Amador na Calaveras, mpaka vikaegemea milima yenye theluji. Mvua hunyesha wakati wa baridi. Mwezi wa Machi nyasi ni mbichi na maua ya rangi ya machungwa hutanda mitelemkoni. Ufikapo mwezi wa Juni nyasi hizo zimekwisha kukauka, zimekuwa na rangi ya simba, na aghalabu hazionji mvua ya maana mpaka Oktoba au Novemba. Mialoni husimama mbalimbali kama wazee barazani. Baina yake huota misonobari ya kijivu, na kichaka kiitwacho manzanita chenye gome jekundu, laini mfano wa ngozi iliyopakwa mafuta. Kulungu huingia bustanini alfajiri na kula mawaridi bila ya haya.

Watu wa kabila la Nisenan waliishi humo karne nyingi, nao walikuwa na desturi ya kuchoma nyasi kwa moto mdogo, kwa wakati wake, ili moto mkubwa usipate chakula. Mwezi wa Januari 1848 dhahabu ilionekana Coloma, kando ya mto uitwao American. Umati wa dunia ulimiminika, na Wanisenan wakauawa, wakafa kwa maradhi, wakafukuzwa katika ardhi yao. Wachache wa kizazi chao wapo hata leo. Mwaka 1850 sheria ya jimbo jipya ilifanya kuchoma nyasi kuwa kosa. Waliotunga sheria ile walidhani wameokoa malisho, kumbe walikuwa wanaweka akiba ya kuni kwa wajukuu wao.

Dhahabu ilipopungua, vilima vikawa vya wachunga ng'ombe. Katika miaka ya 1960 na 1970 mashamba ya ng'ombe yalianza kukatwa viwanja. Mfanya biashara alinunua shamba zima, akalipima, akatengeneza barabara za lami nyembamba zinazozunguka vilima, pengine akaziba kijito akapata ziwa, akauza viwanja kwa mamia, kisha akaenda zake. Ndipo lilipozuka swali ambalo hakuna aliyeliuliza wakati wa kununua: barabara hizi ni za nani? Serikali ya wilaya haikuzitaka, maana barabara ni kitu kinachokula fedha kila mwaka. Baada ya 1978, wananchi wa California walipopiga kura ya kuweka kikomo cha kodi ya nyumba na ardhi katika asilimia 1 ya thamani yake, wilaya zilikuwa na sababu zaidi ya kukwepa mizigo ya namna hiyo. Kwa hiyo barabara, ziwa, lango na mitaro ikawa mali ya chama cha wenye nyumba, na kila anunuaye nyumba huwa mwanachama papo hapo, apende asipende. Hawezi kujiuzulu. Mlango wa kutoka ni mmoja tu, nao ni kuuza.

Msomaji wa pwani anayejua mambo ya wakfu atafahamu upesi nguvu ya hati ya chama. Wakfu huifunga mali kwa wasia wa mtu aliyekufa. Hati huifunga ardhi kwa masharti ya mfanya biashara aliyekwenda zake. Vyote viwili huifuata mali hiyo kwa kila mkono inaopitia, na anayeipokea hawezi kusema kwamba yeye hakuahidi. Tofauti ni kwamba wakfu hufungwa kwa ajili ya Mungu, na hati hufungwa kwa ajili ya bei. Bei ndiyo roho yake. Yamo humo maneno juu ya rangi ya kuta na ya paa. Juu ya urefu wa ua na aina ya mbao zake. Juu ya kuku, ambao mara nyingi hukatazwa, na farasi, ambao pengine huruhusiwa wawili kwa kiwanja. Juu ya mashua na matrela yasionekane kutoka barabarani. Juu ya matangi ya gesi na ya maji, ambayo ni lazima yasitiriwe. Nia ya yote ni kwamba mnunuzi wa kesho, akipita na gari lake, asione kitu cha kumfanya apunguze dola.

Kicheko ni rahisi hapa, na walimwengu wamecheka vya kutosha. Mwanamke mmoja wa Culver City, upande wa kusini wa jimbo, alikuwa na paka watatu ndani ya nyumba yake ya ghorofani, na chama chake kilikuwa kimekataza paka. Shauri lilipanda mpaka Mahakama Kuu ya California, na mwaka 1994 mahakama ikaamua kwamba sharti lililoandikwa katika hati hushika, isipokuwa likiwa ni la dhuluma isiyo na sababu au linapingana na maslahi ya watu wote. Paka wakashindwa. Bunge la jimbo, ambalo wapiga kura wake wengi huishi katika nyumba za namna hii, limekuwa likirudi mara kwa mara kunyofoa jino moja moja la hati hizi. Mwaka 2014 lilikataza vyama visimtoze faini mtu aliyeacha kumwagilia majani yake wakati wa ukame uliotangazwa na serikali. Mwaka 2015 liliruhusu kamba ya kuanikia nguo katika uwanja wa nyuma wa mtu. Taifa lililompeleka mtu mwezini limehitaji sheria ya bunge ili shati likauke juani.

Lakini kuna ukurasa katika baadhi ya hati za zamani usiochekesha. Kabla ya vita vya pili vya dunia na hata baadaye, hati nyingi za viwanja nchini Marekani zilisema wazi kwamba nyumba isiuzwe wala isikaliwe na mtu mweusi. Nyingine ziliongeza Mwasia, nyingine Myahudi. Mwaka 1948, katika shauri la nyumba moja ya St. Louis, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kutumiwa kutimiza masharti ya namna hiyo. Na mwaka 1968 sheria ya nchi nzima iliharimisha ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Maneno, hata hivyo, yalibaki katika makaratasi. Ilipofika 2021 California ilikuwa bado inatunga sheria ya kuyafuta katika madaftari ya wilaya. Mtu mweusi aliyenunua nyumba ya zamani aliweza kukuta katika bunda lake, baina ya ukurasa wa mitaro na ukurasa wa kuku, sentensi inayomkataza kulala humo isipokuwa kama mtumishi. Anayesema kwamba hati ni karatasi tu, na alitafakari hilo.

Serikali ya chama ni ndogo, lakini ina kila kiungo cha serikali kubwa. Ina halmashauri ya watu watano au saba, mwenyekiti, mtunza fedha, kamati ya ujenzi inayopitisha ramani za vibanda, na siku hizi meneja wa kulipwa anayekuja mara moja kwa wiki. Sheria iliyopitishwa mwaka 1985, iitwayo kwa majina ya Davis na Stirling, walioileta bungeni, imeipangia kazi kwa urefu. Mkutano wa kawaida wa halmashauri sharti utangazwe siku 4 kabla, pamoja na orodha ya mambo yatakayozungumzwa, na mwanachama ana haki ya kuhudhuria na kusema. Kura hupigwa kwa siri, katika bahasha mbili, moja ndani ya nyingine. Ada ya kawaida haiwezi kupandishwa na halmashauri zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka bila ya kura ya wanachama. Ada isiyolipwa huandikwa kuwa deni juu ya nyumba, na deni likifika dola 1,800, au likipita miezi 12, nyumba yenyewe yaweza kunadiwa. Faini peke yake haiwezi kuinadi nyumba bila ya kupitia mahakamani, na tangu 2025 faini haizidi dola 100 kwa kosa, ila kosa likiwa la kuhatarisha afya au usalama.

Hayo ndiyo maandishi. Katika maisha, viti vitano vya halmashauri hukaliwa na watu wenye wakati, nao aghalabu ni wastaafu: mhandisi wa zamani aliyezoea kutii vipimo, ofisa wa zamani wa jeshi aliyezoea kutiiwa, na mwalimu mmoja mwenye subira. Hawalipwi. Wanatukanwa na watu ambao hawajawahi kuhudhuria mkutano hata mmoja, na usiku wa mvua ndio wanaopigiwa simu mti ukianguka barabarani. Ni haki kusema kwamba pasipo watu hawa barabara ingekuwa mashimo matupu katika miaka kumi. Ni haki pia kusema kwamba madaraka madogo hulevya upesi kuliko makubwa, kwa kuwa anayeyashika hana pengine pa kuyatumia. Katika kila mtaa hapakosi mtu mmoja anayetembea jioni na mbwa wake na daftari, akiandika pipa la taka lililosahauliwa nje. Wala hapakosi mwingine anayeliacha nje kwa kusudi.

Yote haya yangekuwa mchezo wa watu wenye nafasi, kama si moto. Tarehe 8 Novemba 2018, katika wilaya ya Butte, chango lililochakaa la mnara wa umeme lilikatika asubuhi ya upepo mkali, na kabla ya jioni mji wa Paradise, mji wa vilima kama hivi, wa misonobari kama hii, ulikuwa umeteketea. Watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yakaungua. Barabara za kutokea zilikuwa chache, na magari yalisimama ndani ya moshi kama shanga katika uzi. Wengi katika waliokufa walikuwa wazee. Tangu siku ile hakuna mkazi wa vilima hivi anayesikia upepo wa Oktoba kwa masikio aliyokuwa nayo zamani.

Wataalamu wanasema, na Paradise ilithibitisha, kwamba nyumba nyingi haziwashwi na ukuta wa moto unaokuja msituni. Huwashwa na cheche zinazotangulia mbele kwa upepo, zikatua katika majani makavu ya mfereji wa paa, zikaingia katika tundu la hewa la dari, au zikaangukia kichaka kilichopandwa chini ya dirisha. Kisha nyumba huwasha nyumba. Sheria ya jimbo humtaka mwenye nyumba asafishe kandokando kwa mita 30, na mwaka 2020 bunge lilipitisha sheria ya kutaka mita moja na nusu ya kwanza kutoka ukutani isiwe na kitu cha kushika cheche. Hapo maana ya ujirani hugeuka. Mtu anaweza kupaka mlango wake rangi ya zambarau na hasara ikawa ya macho tu; lakini mwenye kuacha vichaka vyake ameweka baruti chini ya kitanda cha mwenzake. Hati iliyotungwa kulinda bei imejikuta inaombwa ilinde roho, kazi ambayo haikuumbiwa.

Hata mbuzi wamepanda cheo. Hati za mitaa mingi huwakataza, wakihesabiwa pamoja na nguruwe na majogoo. Na chama kile kile, majira ya kuchipua, hutia saini mkataba na mwenye kundi. Huja mbuzi mia tatu au mia nne, na uzio wa waya wa umeme, na mbwa mkubwa mweupe, na mchungaji, mara nyingi mtu wa Peru, anayelala katika trela ambalo siku nyingine lingetozwa faini. Mbuzi husafisha bonde la chama kwa siku chache, wakila hata mmea wenye sumu unaowasha ngozi ya binadamu. Watoto huletwa kuwatazama. Mkataba ukiisha mbuzi huwa haramu tena.

Katika mtaa mmoja wa vilima hivyo aliishi mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka sabini na zaidi. Nyumba yake ilikuwa imepakana na mteremko mkali, na kando yake, baina ya ukuta na tangi la gesi, ilisimama mireteni mitano mikubwa, ya kijani chaka, iliyokauka ndani na kujaa majani yaliyokufa. Mreteni una mafuta. Wazima moto wa nchi hiyo huutaja kwa chuki. Miaka michache baada ya moto wa Paradise kamati ilimpelekea barua ya kumtaka aing'oe. Hakujibu. Ya pili ikaja, na ya tatu, yenye tarehe ya shauri lake mbele ya halmashauri. Jirani wa chini, kijana mwenye watoto wawili wadogo, alikuwa ameandika kwamba hapati usingizi siku za upepo. Hakuwa mtu mbaya. Kila majira ya baridi yeye ndiye aliyempasulia mama yule kuni.

Alikuja mkutanoni na bahasha. Waliokuwapo walidhani ataomba huruma, kwa maana ilijulikana kuwa miti ile ilipandwa na marehemu mumewe. Hakuitaja huruma. Alitoa barua ya 1986, yenye jina la chama juu yake, iliyomwarifu mumewe kwamba tangi lake la gesi laonekana kutoka barabarani, kinyume cha hati, na kumwamuru alisitiri kwa mimea isiyopukutika majani, katika siku 60, la sivyo atatozwa faini. Aina za mimea iliyokubaliwa zilikuwa zimeorodheshwa chini. Mreteni ulikuwa wa kwanza.

"Alichimba mashimo haya mwezi wa Agosti," alisema, "katika ardhi ngumu kama sufuria, kwa sababu mlimwandikia. Sasa niambieni ni barua ipi niitii."

Mhandisi wa zamani aliomba kuiona, akaisoma mara mbili. Mwenyekiti alisema kwamba halmashauri ya wakati ule haikuwa na maarifa ya leo, na hilo lilikuwa kweli. Mjane alijibu kwamba yeye hakuwa na ugomvi na maarifa. Ugomvi wake ulikuwa ni kwamba aliyeamuru alikuwa chama, na atakayelipa dola elfu mbili za kukata na kuzoa ni yeye, na malipo yake ya uzeeni hayakuwa na nafasi hiyo. Hapo mtunza fedha akanena neno zito kuliko yote ya usiku ule: matangi yaliyositiriwa kwa amri ile katika mtaa mzima yalipata arobaini. Chama kikimlipia mmoja kitawalipia wote, na fedha hizo zimewekwa kwa ajili ya lami. Kijana wa chini, aliyekuja kushtaki, aliinamisha kichwa; ni yeye aliyekuwa na mengi ya kupoteza, na ni yeye aliyeona kwamba mama yule ana haki.

Walizungumza mpaka saa tano ya usiku. Uamuzi haukumfurahisha mtu. Amri ya kusitiri matangi kwa mimea ilifutwa. Chama kililipa gharama za kuzoa, na kukata kukaachiwa wenyeji kwa msaada wa wenye misumeno. Kijana alikata minne siku ya Jumamosi. Mreteni wa tano, uliokuwa mbali na ukuta kwa hatua ishirini, ulipogolewa chini na kuachwa, nao upo. Wakati kazi inafanyika mama yule alikaa ndani. Ilipokwisha alitoka na chai na maandazi ya nchi yao, yale yenye tundu katikati.

Kampuni ya bima haikungoja. Ilikuwa imekwisha kumwarifu kwamba haitamwekea bima tena, miti ikatwe isikatwe, kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa katika ramani nyekundu. Alihamia katika ule mfuko ulioundwa mwaka 1968 kwa ajili ya watu waliokataliwa na wengine, unaotoza zaidi na kukinga kidogo. Majirani zake wengi walimfuata huko mmoja mmoja.

Majira ya kiangazi yaliyofuata nyumba ya ng'ambo ya barabara ilipata wenyewe wapya, mume na mke kutoka mjini, watu wapole, waliokuwa wamelisoma bunda lao lote. Mwezi wa pili waliiandikia halmashauri barua ya heshima, wakieleza kwamba kutoka barazani kwao tangi la gesi la jirani laonekana wazi, na wakauliza kama hilo halipingani na hati, ambayo sharti lake la kusitiri matangi, tofauti na ile amri ya mimea, halikuwa limefutwa. Barua ikaingizwa katika orodha ya mkutano wa mwezi uliofuata, na orodha ikabandikwa langoni siku 4 kabla, kama sheria inavyotaka.